Pumzi ya Pili ya Ewald Trübenbach

Novemba 11, 1928. Jumapili

Theluji ya kwanza imeanguka alfajiri, na kabla sijamaliza kahawa yangu Daktari Quandt alikuwa ameshaanza kuziba madirisha.

Alianza na la jikoni. Gundi ya unga alikuwa ameikorogea kwenye bakuli langu la kukandia, na pembeni ana vipande vya gazeti na sufi ya kondoo ya kushindilia kwenye mianya. Nikamwuliza, "Daktari, moshi wa kupikia utatokea wapi?" Akanitazama kwa upole, kama daktari wa meno anayejua kuwa jino litauma, maana ndiyo kazi yake kule Zwickau. "Kwenye bomba, Bibi Trübenbach. Kwenye bomba tu."

Nyuma yake Bwana Nestler alikuwa anaandika. Aliandika swali langu! Nimeliona kwa macho yangu: Moshi utatokea wapi? Akalipigia mstari chini.

Basi nimekuja stoo, nimekaa juu ya sanduku la viazi, naandika. Nestler anaogopa panya, humu haingii. Hili neno angalau litakuwa langu.

Mume wangu Ewald tulimzika mwezi uliopita. Hapa Steinrode watu walimjua kama karani wa simu za maandishi pale stesheni, mtu mpole anayekimbia mabata bukini. Lakini Zwickau, Chemnitz, hata Leipzig, wapo wanaomwita Mwalimu. Aliandika vitabu saba vyembamba ambavyo hakuna duka lililovitaka. Vilipita mkono kwa mkono. Ndani yake anasema mtu akifa huacha pumzi mbili. Ya kwanza hutoka kinywani. Ya pili hubaki nyumbani tangu theluji ya kwanza mpaka ya mwisho inapoyeyuka, na nyumba ikifungwa vizuri, marehemu atasema kwa kinywa cha mtu aliyekuwa karibu naye kuliko wote.

Huyo mtu ni mimi. Nimesubiriwa tangu asubuhi kama uji jikoni.

Wapo watatu: Quandt, Nestler, na mama mmoja mnene wa Chemnitz aitwaye Seyferth. Walipoomba kubaki baada ya mazishi nilisema karibuni, nikidhani ni siku mbili tatu. Ndipo Quandt akanieleza, kwa sauti ya chini na ya heshima, kwamba nyumba hii Ewald aliwaandikia wao, Duara la Pumzi, zamani sana. Mimi nina ruhusa ya kuishi humu. Ewald hakuniambia. Miaka yote hiyo tulikula meza moja, hakuniambia.

Novemba 19

Nestler anatunga Maisha ya Mwalimu. Alinikalisha sebuleni.

"Bibi, ulipokutana naye ujanani, uliona ishara gani?"

"Alinikanyaga mguu kwenye dansi. Hakuomba radhi. Alidhani ni mguu wa meza."

Akaandika: Tangu ujana hakuitambua mipaka ya mwili.

"Na wanyama? Inasemekana wanyama walimhisi."

"Mabata bukini ya Uhlig yalimfukuza kila siku akienda kazini. Alikuwa anazunguka kwa nyuma ya kanisa."

Akaandika: Ndege walitangulia kumlaki. Alipita njia isiyopitwa na wengine.

Nikamwambia, "Bwana Nestler, wewe ungeajiriwa gazetini." Na hilo akaliandika.

Novemba 23

Nimesema viazi vimeungua. Wamelijadili neno hilo mpaka chakula kikapoa.

Novemba 24

Leo sijasema kitu.

Desemba 2, Jumapili ya kwanza ya Majilio

Huyu Seyferth simpendi. Anakula mayai yangu akiwa amesimama, mawili kwa mpigo, anafuta kidevu kwa mgongo wa mkono. Anaimba nyimbo za kanisani akiwa chooni. Mchana kutwa ananikazia macho kama paka aliyeketi mbele ya tundu.

"Huhisi kitu, Bibi Trübenbach?"

"Nahisi mayai yamekwisha."

Hakucheka, na hakuona haya. Alisema, "Joachim wangu naye alikuwa anaudhika mtu akimgusia mayai yake." Halafu akaenda kukaa chini, kando ya kiti cha Ewald.

Joachim ni mwanawe. Alipotea vitani kule Flandria, Ubelgiji. Hawakupata mwili, wala kitambulisho, wala kifungo cha koti. Huko Chemnitz mama huyu ameufunga mlango wa chumba cha mwanawe na kuuzibia nguo chini. Quandt amemwahidi kwamba Mwalimu akianza kusema, anaweza kuulizwa habari za wengine.

Desemba 10

Siruhusiwi kutoka. Hakuna aliyesema "huruhusiwi." Nikishika shali, Quandt hutokea ukumbini. "Bibi unataka nini nje? Nestler atakuletea." Maji, kuni, maziwa, vyote huingia kupitia banda la kuni, mlango mmoja ukifungwa kwanza ndipo wa pili ufunguliwe, ili Ewald asiponyoke.

Leo nilifika bandani wao wakiwa kwenye kikao cha Duara. Uhlig alikuwa anashusha maziwa. Tumekua naye mtaa mmoja, hajui kunong'ona.

"Hedwig! Vipi, bado hajafufuka huyo?"

"Nyamaza wewe, Gotthold. Watakusikia."

"Wanisikie! Mwambie akirudi apitie kwangu, bata wanamkumbuka." Kisha akaacha mzaha. "Mbona umepauka hivyo? Sikiliza. Farasi yupo, sleji ya kuteleza thelujini ipo. Neno moja tu, nakufikisha Annaberg kwa dada yako Lina."

Nikasema baada ya Krismasi. Akanitazama sana, akaondoka zake.

Kwa nini nilisema baada ya Krismasi? Nimekaa humu stoo najiuliza. Mto wangu wa kufumia lesi uko chini ya dirisha lile lile tangu niolewe. Kaburi liko pale juu. Na mtu wa umri wangu hatoroki kwake kupitia bandani kama mfanyakazi aliyeiba vijiko. Hata kama siyo kwake.

Desemba 24

Tumekula vyakula tisa kama desturi ya huku milimani: soseji, dengu, kabichi iliyochachushwa, na vingine, na chumvi na mkate katikati. Anayenyanyuka mezani kabla ya wote kumaliza hukaribisha kifo, ndivyo tulivyofundishwa utotoni. Quandt, mtu wa mjini, sheria hiyo ilimpendeza mno. Kabichi ilipoanza kuungulia jikoni, aliniwekea mkono begani. "Tulia, Bibi." Tukala tunanusa harufu ya kuungua. Sahani ya Ewald imejaa mbele ya kiti kitupu.

Nitaandika jambo ambalo hawa hawalijui.

Tulikuwa na mtoto, Marie. Alikufa majira ya baridi, ana miezi minane. Ewald wakati huo hakuwa na kitabu wala falsafa. Alikuwa kijana anayegonga simu za maandishi. Baada ya mazishi alirudi akaziba madirisha ya chumba cha kulala kwa gundi ya unga. Alisema bado anasikia pumzi yake karibu na kitanda. Mimi pia nilidhani naisikia. Tukakaa gizani majira yote ya baridi, tukizungumza kwa kunong'ona, tukisubiri. Nguo zilioza ubavuni mwa ukuta. Nikaanza kukohoa. Siku moja yeye yuko kazini nilichukua kisu cha jikoni nikaikata ile karatasi, nikafungua dirisha. Hewa iliingia, basi. Hakuna kilichotoka.

Ewald aliporudi alisimama mlangoni, hakuvua kofia. Hakunipiga, hakusema neno. Mwaka ule ule akaanza kuandika. Katika kila kitabu yumo mtu mwovu aitwaye Mfungua-dirisha, ajaye kwa sura ya upole kuwapotosha waaminifu. Alikuwa ananisomea kurasa hizo mezani, kwa sauti, ndipo azipeleke kwa mchapaji. Nilikuwa nafuma lesi huku nasikiliza. Hivyo ndivyo tulivyozeeka.

Januari 6, 1929

Nimefanya kosa.

Nilifikiri siku nyingi. Kama wanataka Ewald aseme, basi aseme awafukuze. Leo alasiri walipokaa kwenye duara, mishumaa imewashwa, nilifumba macho, nikashusha sauti kama alivyokuwa akiongea akiwa na mafua. "Rudini nyumbani," nikasema. "Fungueni madirisha."

Seyferth akaanza kulia kwa sauti kubwa, kilio cha furaha. Nestler alivunja penseli. Quandt alipiga magoti, na mimi nikiwa nimefumba macho nikajisemea, haya, kesho watafunga mizigo.

Walizungumza mpaka chakula cha jioni. "Rudini nyumbani": nyumbani ni wapi kwa aliyemfuata Mwalimu? Ni hapa. Basi wengine wote waitwe waje hapa. Na "fungueni madirisha"? Hapo Quandt alisimama, mikono nyuma, uso unang'aa. "Ndugu zangu, Mwalimu anatupima. Ametuonya katika vitabu saba kuhusu neno hilo. Anatuuliza: mtamtii hata Mfungua-dirisha akitumia sauti yangu?" Akaniinamia. "Asante, Bibi. Sasa tunajua kinywa chako kina wageni wawili. Tutakulinda."

Januari 7

Mlango wa mbele umefungwa, ufunguo uko kwenye mnyororo wa saa ya Quandt. Banda la kuni limetiwa kufuli.

Januari 15

Wamefika wengine wanne kutoka Plauen na Glauchau. Wanalala sebuleni. Nguo mbichi zimetandazwa kila mahali, kuta zinatoka jasho. Kila anayepita ananigusa bega au kiwiko, taratibu, kama mtu anayejaribu kama pasi imepata moto.

Januari 20

Seyferth alinifuata huku stoo. Nilificha daftari chini ya aproni. Alipiga magoti kwenye sakafu, mwanamke mkubwa vile, goti likalia ko.

"Sikuulizi kwa ajili ya Duara. Daktari hajui nipo hapa. Niambie tu kama ana baridi. Alikwenda na soksi mbovu. Nilimfumia nyingine, nilichelewa kuzituma."

"Mama Seyferth, mimi sijui kitu."

"Jaribu. Jaribu tu, dada."

Hakuna aliyeniita dada humu ndani tangu Novemba. Nikamwekea mkono kichwani. Nywele zake nyembamba sana, sikutegemea. Nikasema, "Hana baridi."

Aliushika mkono wangu akaukandamiza shavuni. Leo amekula vizuri, hakuimba, amelala mchana kama mtoto.

Januari 21

Amerudi. Je, Joachim anakula? Nikasema anakula.

Januari 22

Je, anamkumbuka mbwa wao?

Januari 26

Quandt nimeshazoea kumchukia, sina shida naye. Lakini huyu mama ananisubiri mlangoni pa stoo kila asubuhi akiwa amechana nywele na kuvaa kola safi, na mimi nampa kidogo, kidogo, na kila ninachompa kinamfanya atake tena. Leo alisema atauza vitu vyake Chemnitz ahamie hapa moja kwa moja, akae karibu na kinywa changu. Akasema hivyo hivyo: kinywa chako.

Wao walinifunga kwa gundi ya unga. Yeye nimemfunga mimi.

Februari 3

Baridi ambayo hata wazee hawaikumbuki. Pampu imeganda. Nestler anasema Uhlig amepoteza kuku. Nestler anaumwa kichwa. Wote tunaumwa kichwa. Quandt anasema ni Pumzi inazidi kuwa nzito.

Februari 8

Kichwa.

Februari 14

Nimekaa jikoni kwangu, peke yangu, dirishani nimetundika blanketi. Naandika yaliyotokea Jumanne.

Jumanne ile ni siku ya maandazi, kabla ya Kwaresima, na niliomba ruhusa nikaange. Nilikaanga asubuhi. Baada ya chakula Quandt alisema moto umepanda mno, joto linapanda na bomba na kumbeba Mwalimu juu. Akaenda kwenye jiko kubwa la sebuleni, lililojaa makaa ya mawe, akalisukuma lile bamba la kufungia bomba mpaka mwisho. Nikasema, "Daktari, usifanye hivyo, makaa bado yanawaka, moshi wake utatuua." Nestler akaliandika. Quandt akatabasamu. "Tunajua ni nani anayesema hivyo, Bibi."

Wakaketi kwenye duara. Mimi katikati kama kawaida. Ilikuwa alasiri, lakini kwa zile karatasi madirishani hujui kama ni mchana. Mishumaa ikaanza kupungua mwanga. Nikaona mzee wa Plauen ameinamisha kichwa, nikadhani anaomba. Penseli ya Nestler ikaanguka ikabingirika mpaka kwenye kiatu changu, na hakuiokota. Nestler hajawahi kuiacha penseli. Nikageuka kumtazama Seyferth. Alikuwa anatabasamu, mashavu mekundu kama ya msichana, anatazama mlango.

"Huyo hapo," alisema. "Amekuja na mbwa."

Nilisimama, miguu ikakataa, nikaenda kwa kushika viti. Dirisha la kwanza nililopata ni lile lililo juu ya mto wangu wa lesi. Karatasi ilikuwa imekauka kama ubao. Hapo mezani palikuwa na pasi. Niliishika kwa mikono miwili.

Quandt aliniwahi mkononi. Nguvu hakuwa nazo, alikuwa anayumba kama mlevi, lakini alining'ang'ania na kupiga kelele: "Ni yeye! Mfungua-dirisha! Mshikeni!" Hakuna aliyeinuka. Walikuwa hawawezi. Nikamsukuma kwa kiwiko, akaketi sakafuni, na mimi nikaitupa pasi.

Kioo kilivunjika. Nikavunja na cha pili kwa kigoda. Baridi iliyoingia ilikuwa kama kofi. Nikapiga kelele jina la Uhlig, mara ngapi sijui. Alikuja na shoka akavunja kufuli la bandani. Tuliwakokota mmoja mmoja hadi kwenye theluji, kisha zizini kwake, maana mle ndani ng'ombe wanatia joto. Nestler alitapika kwenye ndoo ya maziwa. Mzee wa Plauen tulimsugua mikono mpaka akafumbua macho akauliza kama treni imeshapita. Hakufa mtu. Naliandika tena: hakufa mtu.

Seyferth alipoweza kusimama alinijia, akanipiga kofi mbele ya wote.

"Alikuwa mlangoni! Joachim wangu alikuwa mlangoni, umemfukuza!"

"Hakuwa mlangoni. Ulikuwa unakufa, Ottilie."

Sikujua kama nalijua jina lake. Lilitoka tu.

"Wewe mwenyewe uliniambia! Hana baridi, ulisema! Anakula, ulisema!"

"Nilitunga. Yote nilitunga."

"Hata mbwa?"

"Hata mbwa."

Alirudi nyuma hatua moja, akamkalia ndama nusura amponde. Uhlig, ambaye hajawahi kukosa mzaha, alikosa. Basi nikasema yale mengine, pale pale, kati ya ng'ombe, mbele ya watu waliojifunika magunia. Nikawaeleza habari za Marie, na kile chumba, na gundi, na kisu cha jikoni, na Ewald mlangoni na kofia yake.

"Uongo," Quandt alisema. Sauti ilikuwa inatetemeka kwa baridi. "Mwalimu alipokea elimu hii kwa walio juu."

"Aliipokea chumbani kwetu, Daktari. Kwa mtoto wa miezi minane. Alimtaka mtoto wake. Hakukuwa na zaidi ya hapo."

Nilipokuwa nasema hivyo nilimwona Ewald, siyo wa vitabuni, yule kijana, amekaa ukingoni mwa kitanda ametega sikio. Nilimchukia muda mrefu kwa ajili ya Mfungua-dirisha. Pale zizini niliishiwa. Alikuwa baba tu, akakosa pa kuuweka msiba wake, akauweka mahali ambapo wengine wangeweza kuingia na kujifungia.

Ng'ombe akakojoa. Kisha Quandt, kwa utulivu kabisa, akamgeukia mwenzake. "Ndugu Nestler, andika. Amekiri kwamba ni yeye."

Nestler alitafuta penseli mifukoni, hakuipata. Uhlig alikuwa nayo moja ya kuandikia maziwa, nyuma ya sikio. Nestler aliitazama. Uhlig akaichomoa, akaitia mfukoni.

Februari 20

Wameondoka, baada ya wiki nzima kwa Uhlig. Kiti cha Ewald wamekifunga kwa mablanketi kwenye sleji kama mgonjwa. Quandt alinivulia kofia. Natakiwa niwe nimetoka theluji ikiisha, nyumba itakuwa mahali pa Duara. Nestler alirudi kutoka kwenye sleji akanishika mkono, akakimbia.

Ottilie hakupanda. Anakaa kwa Uhlig, hasemi na mtu. Mke wa Uhlig anasema anakama ng'ombe vibaya.

Februari 27

Uhlig amenitilia vioo. Nimefuma kidogo. Vidole vizito.

Machi 3

Ottilie amekuja. Hakubisha hodi. Alichukua ndoo, akatia maji ya moto, akaanza kukwangua gundi kwenye dirisha la jikoni kwa kisu. Nikachukua kisu cha pili nikaanza la chumbani. Tulifanya kazi muda mrefu. Ndipo akauliza, bila kugeuka:

"Marie wako alikuwa na nywele?"

"Kidogo. Nyuma tu. Alionekana kama mwanasheria."

Nikasikia anacheka huko jikoni, cheko la ghafla, kama mtu aliyejikwaa. Kisha akasema:

"Joachim alikuwa mvivu. Mungu wangu, Hedwig, mvivu yule! Alikuwa analala na viatu ili asubuhi asihangaike kuvaa. Na mwongo. Mayai hakuwa akiyapenda, alikuwa ananificha anampa mbwa. Mimi huku najisifu, mwanangu anakula."

Alieleza mpaka giza likaingia. Miaka yote hiyo alikuwa akimwuliza kila mtu habari za Joachim, na mwenye habari zake alikuwa ni yeye.

Machi 10

Ottilie amerudi Chemnitz. Anasema atafungua kile chumba, kisha akasema, pengine siyo mwezi huu. Nimemfungia maandazi.

Machi 17

Uhlig ameleta kijitabu kutoka stesheni. Kimechapwa Zwickau, jalada la kijivu: kitabu cha nane cha Mwalimu, "kilichopokelewa katika nyumba yake." Nimo. Nina kurasa nyingi kuliko Ewald. Nimetupa pasi, nimecheka, macho yangu yalikuwa ya kijani. Mwishoni kuna maelekezo ya namna ya kuziba dirisha, na mpya hii: bamba la bomba lifungwe. Karani wa stesheni anasema vinapita na kila treni. Alipokuwa hai Ewald hakuuza hata vya kujazia kapu.

Nimeandika kwa polisi wa wilaya kuhusu lile bamba. Nimeandika kwa magazeti mawili. Hakuna aliyejibu. Nani atamjali mjane wa karani?

Nilidhani nikivunja kioo nitakuwa nimetoka. Sasa nimefungwa ndani ya kitabu, na sijui kitabu kinavunjwa kwa kitu gani.

Aprili 4

Theluji imebaki kwenye vivuli tu. Leo Uhlig amenishusha stesheni na sanduku langu na mto wa lesi, niende kwa Lina. Sikulia. Uhlig ndiye aliyelia, akasingizia upepo.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi. Treni ya kutoka Zwickau ikaingia, akashuka mwanamke kijana mwenye koti la mfiwa, amebeba kikapu. Kwenye kikapu niliona jalada la kijivu. Alimwuliza karani njia ya kwenda nyumba ya Mwalimu Trübenbach, karani akaninyooshea kidole bila kuinua kichwa, "Muulize huyo mama, anatoka huko."

Akanijia. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala.

"Samahani, mama. Ni mbali?"

"Siyo mbali. Lakini imefungwa, watu wake hawajafika."

"Nitasubiri mlangoni. Mume wangu alikufa mgodini mwezi wa pili. Madirisha nyumbani nimeyaziba vizuri kama kitabu kinavyosema, ila niko peke yangu, hakuna kinywa cha yeye kusemea..." Akaangaza huku na huku, akapunguza sauti. "Na yule mwanamke? Mkewe? Wanasema ni mtu mbaya sana. Unamjua?"

"Namjua," nikasema.

Treni yangu ilikuwa imesimama tayari, milango wazi, na karani ananipungia mkono nifanye haraka. Nikasogeza mto wa lesi, nikampa nafasi kwenye benchi.

"Kaa kwanza," nikamwambia. "Mumeo alikuwa anaitwa nani?"

Alikaa. Akaniambia jina la mumewe, halafu akaanza kunieleza jinsi alivyokuwa akipiga chafya. Treni ikaondoka. Ipo nyingine jioni.